Shangazi kaambiwa msaada wake "ulijirudia". Nani aliandika vifungu vya tafsiri vya sheria za maafa Marekani?

Wakuu, habari zenu. Naandika saa saba usiku kwa sababu usingizi umegoma na barua yenyewe iko hapa mezani. Uzi ni mrefu. Walioko Marekani naomba msome mpaka chini, maana leo ni kwetu, kesho ni kwenu.

Nipo Houston, Texas. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, anaishi kusini-magharibi mwa jiji hili, kwenye nyumba aliyoinunua kwa kufua mashuka ya hospitali usiku na kuhudumia wazee mchana. Kimbunga Harvey kilipotua pwani ya Texas tarehe 25 Agosti 2017, mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na maji yakaingia kwake hadi usawa wa soketi za umeme. Tulimtoa kwa boti ya jirani akiwa amekumbatia mfuko wa plastiki wenye pasipoti, hati ya nyumba na dawa za presha. Maji yalipopungua, kuta za jipsamu zilikuwa zimevimba, ukigusa kidole kinazama.

Alipewa dola 14,000 za msaada wa haraka. Barua ya wakati ule ilisema ni za ukarabati wa makazi. Sasa niambieni, mtu ambaye nyumba yake inanuka ukungu, hana kitanda wala jiko, anaanza kununua mbao? Alilala moteli majuma tisa. Akapanga chumba. Akanunua chakula cha kila siku kwa sababu hakuwa na pa kupikia. Hela ikaisha kabla fundi hajaingia ndani.

Baadaye zikaja fedha za ujenzi mpya. Akaomba. Akawekwa kwenye orodha, akabadilishiwa mhudumu wa faili mara nne, akatuma nyaraka zilezile mara sita. Mwisho wakakadiria ukarabati kuwa dola 61,000, kisha wakasema: toa 14,000, kwa kuwa ulishalipwa kwa kusudi hilohilo. Hizo 14,000 azilete yeye taslimu ndipo kazi ianze, au athibitishe kwa risiti kwamba alizitumia kwa jambo jingine. Hakuwa nazo. Wiki hii faili limefungwa.

Nilikuwepo simu ikiwa kwenye spika. Shangazi alimwambia yule dada wa ofisini, taratibu kabisa, "Mwanangu, ile hela nililalia. Ningelala wapi?" Akajibiwa kuwa anaeleweka, lakini sheria inaita hiyo ni kujirudia kwa msaada. Shangazi akanigeukia akaniuliza, "Kimejirudia nini? Nyumba nimejengewa mara ngapi?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimekaa na hizi sheria mwezi mzima, na nilichokikuta ndicho kimenipandisha hasira hizi.

Kinachoamua nani asaidiwe na nani aachwe ni kurasa za mwanzo za sheria, pale kwenye kifungu cha tafsiri, ambapo wengi wetu tunaruka. Neno moja pale linabeba mabilioni ya dola.

Sheria mama ya serikali ya shirikisho ni Sheria ya Stafford ya mwaka 1988. Ina ngazi mbili. Kuna "dharura" na kuna "janga kubwa". Dharura ni chochote ambacho rais ataona kinahitaji msaada wa kuokoa maisha na mali, lakini fedha zake zimewekewa kikomo cha dola milioni 5 kwa tukio, na kikizidishwa Bunge lazima liarifiwe. Janga kubwa ndilo linalofungua mifuko mikubwa. Na tafsiri ya janga kubwa ni orodha: kimbunga, tonado, dhoruba, mafuriko, tsunami, tetemeko, volkano, maporomoko ya ardhi na ya matope, theluji, ukame. Kisha wakaongeza kwamba moto, mafuriko au mlipuko (wa kitu kulipuka, si wa ugonjwa) vinahesabika bila kujali chanzo. Vingine vyote lazima viwe vya asili.

Mkumbuke Flint, Michigan. Watu wamekunywa maji yenye madini ya risasi, watoto wakapimwa damu ikakutwa na sumu. Gavana akaomba litangazwe janga kubwa. Januari 2016 akapewa dharura tu, ile ya milioni 5, kwa sababu bomba kutoa sumu si asili, wala si moto, mafuriko au mlipuko. Akakata rufaa, ikatupwa. Mji mzima ulikuwa unategemea maji ya chupa hadi ya kuogeshea watoto, halafu hoja ikawa kwamba sumu hiyo ililetwa na binadamu na si mawingu.

Halafu ikaja 2020. Uviko-19. Majimbo yote 50 yakatangaziwa janga kubwa, kwa sheria ileile na orodha ileile ambayo haina neno virusi wala ugonjwa popote. Sipingi hata kidogo, watu walihitaji msaada na walipaswa kuupata. Ninachouma meno nacho ni hiki: kumbe neno linaweza kunyooshwa wakitaka. Kwa nini halikunyooshwa kwa Flint?

Njooni kwenye joto. Sisi wa Houston tunalijua. Sheria ya maafa ya jimbo la Texas, sura ya 418 ya sheria za serikali ya jimbo, ina tafsiri pana sana ya neno janga. Imetaja moto, mafuriko, upepo, kumwagika kwa mafuta, uchafuzi wa maji, uchafuzi wa hewa, magonjwa ya mlipuko, wadudu waharibifu, ghasia, hata shambulio la mitandao ya kompyuta. Na imetaja joto kali, kwa jina. Ukivuka kwenda sheria ya shirikisho, joto halipo. Jambo lilelile linakuuwa, Austin, makao makuu ya jimbo, wanaliita janga, Washington hawaliiti. Na hela nyingi ziko Washington.

Chicago, Julai 1995, joto liliua zaidi ya watu 700 kwa siku chache. Illinois iliomba tamko, ikakataliwa. Hadi leo hakuna rais aliyetangaza janga kubwa kwa sababu ya joto pekee. Wakadiriaji wanahesabu kilichobomoka, na joto halibomoi paa wala daraja. Linamkuta mzee kwenye kochi, dirisha limefungwa, na asubuhi majirani wanagonga mlango.

Julai 2024 kimbunga Beryl kilipopita hapa, nyumba na biashara zaidi ya milioni 2 zilikosa umeme, wengine kwa siku nyingi, na baadhi ya waliokufa Houston walikufa kwa joto ndani ya nyumba zao. Shangazi alikaa siku sita bila umeme. Usiku wa tatu nilimkuta amelala sakafuni bafuni, shavu kwenye vigae, kwa sababu ndiyo sehemu pekee iliyokuwa na ubaridi. Nilidhani nimempoteza. Nyumba yake siku ile, kwa macho ya mkaguzi, ilikuwa salama kuishi. Paa lipo, mlango unafunga.

Kwenye viwango vya fedha napita haraka, ila mjue. Ili jimbo lisaidiwe kurekebisha barabara, madaraja na majengo ya umma, hasara inapimwa kwa kila kichwa cha mkazi wa jimbo. Kipimo kilianza dola 1 mwaka 1986, na kwa mwaka wa fedha 2025 kilikuwa dola 1.89. Texas ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 29 kwenye sensa ya 2020. Fanyeni hesabu, ni zaidi ya dola milioni 55. Tonado likifuta kijiji kimoja cha Texas, wanakijiji wana bahati mbaya kwamba jimbo lao ni kubwa. Nyumba za watu binafsi zina vigezo vyake vingine, ila gavana ndiye wa kuomba, na ana siku 30 tangu tukio.

Kwa ndugu zetu wageni, hili ndilo la kusoma mara mbili. Fedha taslimu za msaada wa shirikisho ni za raia na wale ambao sheria ya mwaka 1996 inawatafsiri kuwa wageni wanaostahili: wenye kadi ya kijani, wakimbizi, waliopewa hifadhi na wachache wengine. Ukiwa na viza ya masomo au ya kazi, kodi unalipa, maji yakiingia kwako ni maji yaleyale, lakini hustahili. Ila kama mtoto wako mdogo ni raia na anaishi nawe, mzazi unaweza kuomba kwa niaba yake. Nimekutana na familia ambazo hazikuomba kabisa kwa kutojua hilo. Makazi ya muda, chakula na maji ya dharura hayaulizwi karatasi.

Sasa fedha za ujenzi mpya, zile zilizomwangusha Shangazi. Zinapitia Idara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, na programu yake ya maafa haijawahi kuwa na sheria ya kudumu. Kila maafa makubwa yakitokea Bunge linapitisha kiasi chake, idara inatoa tangazo lenye masharti na tafsiri, jimbo linaandika mpango, ndipo mtu aanze kuomba. Miaka inapita hapo. Ndani yake kuna maneno kama "hitaji lisilotimizwa" na "eneo lililoathirika zaidi", na atakayeyapima ndiye atakayeamua hela iende wapi.

Mnakumbuka 2021? Jimbo la Texas lilipogawa takriban dola bilioni 1 za kukinga mafuriko baada ya Harvey, jiji la Houston lilipata sifuri. Sifuri, jiji lililozama! Moja ya sababu ilikuwa namna ya kutoa alama: mradi ulipimwa kwa asilimia ya wakazi wa eneo lililoomba watakaonufaika. Mradi unaokinga maelfu ya watu Houston ni asilimia ndogo ya jiji lenye watu zaidi ya milioni 2, lakini mradi wa mji mdogo unapata alama kamili. Machi 2022 idara ya shirikisho yenyewe ilisema mashindano yale yaliwabagua wakazi Weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini. Waliandika kipimo, kipimo kikafanya kazi yake.

Hilo la kujirudia kwa msaada liko kifungu cha 312 cha Stafford. Lengo lake nalikubali, mtu asilipwe mara mbili kwa hasara moja, hela ya umma isiibiwe. Lakini Shangazi hakulipwa mara mbili. Alikula na kulala kwa hela ya kwanza, na nyumba bado ina sakafu ya saruji tupu chumba cha nyuma. Kwa upande wa mikopo, yaani mkopo wa maafa usihesabiwe kuwa msaada uliojirudia, Bunge lililegeza kidogo mwaka 2018, kwa masharti. Kwa bibi aliyenunua usingizi moteli, wanataka risiti.

Nimeziona hizo risiti. Alizihifadhi, kwenye bahasha ya kaki, zimefungwa na mpira. Lakini ni zile karatasi laini za mashine, na baada ya miaka nane kwenye joto la Texas zimefutika zote. Nyeupe. Nikimulika kwa tochi ya simu, kwenye mbili au tatu naona kivuli cha namba, labda 71, labda 77. Yule dada wa ofisini aliomba nizipige picha nitume. Nimtumie picha ya karatasi nyeupe?

Nilikwenda benki kuomba taarifa za akaunti za 2017. Wanatunza miaka saba tu. Moteli ilishauzwa na mwenye mpya hana daftari za zamani.

Ninachotaka Bunge libadilishe nimeshakiandikia barua kwa mwakilishi wetu: joto kali liingizwe kwenye tafsiri ya janga kubwa, sumu na ajali za viwandani ziingizwe, na kwenye kujirudia kwa msaada wahesabu kilichojengwa, si kilichoandikwa kwenye hundi. Nitaleta nakala hapa kesho, mwenye kutaka abadilishe jina atume kwa mwakilishi wake.

Kwa wenye barua za kukataliwa za FEMA, shirika la maafa la serikali ya shirikisho: mna siku 60 tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua kukata rufaa. Msikae nazo. Na risiti mzipige picha siku hiyohiyo.

Kwa upande wetu, mwenye kuwahi kushinda rufaa ya kujirudia kwa msaada bila risiti, kwa hati ya kiapo au ushahidi wa mashahidi, naomba aje aseme aliandika nini. Jirani mwenye boti yuko tayari kuapa, na mchungaji aliyekuwa akimpelekea Shangazi chakula pale moteli pia. Kama kuna mwanasheria wa misaada ya bure hapa Houston anayeshika kesi za aina hii, aniandikie. Shangazi anaamka saa kumi na moja kwenda kazini, ana miaka 67, na akiamka ataniuliza kama nimepata mtu.