Miaka 12 kwenye shamba la marehemu: je, ndugu anaweza kuimaliza haki ya ndugu zake kwa kukaa tu?

Kuna kauli ambayo siku hizi husikika katika vikao vingi vya ukoo kabla hata salamu hazijaisha: "Mimi nimekaa hapa zaidi ya miaka 12, kwa hiyo kisheria shamba ni langu." Anayeitoa huwa ni mtoto aliyebaki nyumbani baba alipofariki, na wanaoisikiliza ni ndugu zake waliotawanyika mijini, ambao muda wote huo waliamini kwamba shamba la baba linawangoja. Msimamo wangu, ambao naomba uchambuliwe bila huruma, ni kwamba kanuni hii inafaa kati ya watu baki lakini haipaswi kutumika vilevile kati ya watoto wa marehemu mmoja.

Sheria ya Ukomo ya Tanzania, Sura ya 89, inampa mtu miaka 12 ya kufungua shauri la kurejesha ardhi yake, na muda huo ukipita mlango hufungwa hata kama haki ilikuwa upande wake. Kwa ardhi ambayo marehemu aliishikilia mpaka anakufa, kifungu cha 9 kinahesabu muda huo kuanzia siku ya kifo, wala si siku ambayo msimamizi wa mirathi aliteuliwa. Familia nyingi hujikwaa hapo, kwa kudhani kwamba maadamu mirathi haijafunguliwa basi hakuna kinachohesabiwa. Tuchukue mzee aliyefariki mwaka 2009, watoto wakaona aibu kuzungumzia mali wakati msiba ungali mbichi, kisha msimamizi akapatikana mwaka 2023: tayari imepita miaka 14, na huyo msimamizi anaingia barazani akiwa na barua halali ya uteuzi na dai lililochelewa.

Hata hivyo, wanaoitaja miaka 12 kama hirizi husahau nusu ya pili ya kanuni. Mahakama ya Rufani, katika shauri la shirika moja la masista lililoamuliwa mwaka 2018, iliorodhesha masharti ambayo mkaaji lazima ayathibitishe, yakiwamo kwamba aliikalia ardhi waziwazi, mfululizo, kwa nia ya kuimiliki na bila ridhaa ya mwenye mali. Neno ridhaa ndilo linalobeba mgogoro wote wa kifamilia. Mahakama zetu zimeshikilia kwamba mwalikwa hawezi kumpokonya mwenyeji wake, hata akiwa amejenga nyumba ya kudumu. Kwa hiyo mtoto aliyeambiwa "wewe baki, ututunzie" amekaa kwa ruhusa, na ruhusa haigeuki kuwa umiliki kwa kuongezeka miaka.

Shida ni kwamba ruhusa ya kindugu haiandikwi. Hakuna mtu anayemwandikisha mdogo wake mkataba siku ya kuanua matanga, na anayethubutu kufanya hivyo ataonekana mroho. Ushahidi unaobaki ni wa vitu vidogo: gunia la mahindi lililotumwa mjini kila mavuno, ujumbe wa simu unaouliza "tuukate ule mwembe au tuuache?", ndugu wote kukusanyika kulijengea kaburi la baba lililo ndani ya shamba lenyewe. Mimi ningelipa gunia hilo uzito mkubwa kuliko ushahidi wa majirani watatu wanaosema tu kwamba wamemwona fulani akilima. Mtu hamgawii mavuno yule anayeamini hana chake pale.

Wapo wanaosema, na siwabezi, kwamba aliyebaki ndiye aliyemuuguza mama, akazuia majirani wasisogeze mpaka, akapanda miti na kulinda jina la ukoo, wakati wengine walikumbuka shamba siku bei ya ardhi ilipopanda. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inachodai kwa haki ni fidia ya maendelezo na pengine fungu kubwa zaidi katika mgawanyo, si kuwafuta wengine wote. Na tusijidanganye kuhusu nani hufutwa kwanza. Ni dada aliyeolewa mbali. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza iliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kama mwanamume awezavyo; leo ambapo ni vigumu kumwambia waziwazi kwamba mwanamke harithi, anaambiwa kwa upole kwamba amechelewa.

Ningependekeza sheria irekebishwe ili kati ya warithi muda uanze siku ambayo mkaaji anawakana wenzake kwa tendo la wazi, kwa mfano kuwazuia kuingia, kuuza kipande au kuomba hati kwa jina lake peke yake. England na Wales, tangu sheria yao ya usajili wa ardhi ya mwaka 2002, mkaaji wa ardhi iliyosajiliwa huomba baada ya miaka 10 na mmiliki hupewa taarifa ili apinge. Sisi tunamwacha mrithi agundue mwenyewe kwamba muda umekwisha. Ni kweli kwamba kifungu cha 44 cha sheria yetu kinamruhusu Waziri kuongeza muda usiozidi nusu, yaani miaka 6 kwa ardhi, lakini sijui mkulima gani ataanza safari ya kumwomba Waziri.

Palipo pagumu kwangu ni kizazi cha tatu. Aliyekana na aliyekanwa wote wameshakufa, wajukuu waliozaliwa pale hawajui kwingine, na wajukuu wa mjini wanakuja na hadithi walizosimuliwa. Hapo, isipokuwa kuwe na maandishi, ningewaachia waliopo.