Draivu kando, stendi kando, analogi ile ile inayojivuta: hawa wenye PlayStation wanatuona mabwege?

Wakuu, kwanza mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa kuulizana bei za Kariakoo. Sijaja kuuliza bei. Nimekuja kulalamika, na yule atakayekuja kuniambia "si ununue PC" apite kimya kimya, kuna nyuzi zake.

Mpwa wangu kamaliza darasa la saba, kafaulu, na ahadi ni deni. Nikajichanga, nikaenda duka moja ambalo silitaji maana mwenye duka na mimi bado tuna kesi. Nikamwambia muuzaji kwa mdomo wangu: nataka PS5 (PlayStation 5, mashine ya gemu ya Sony) ya CD. "Ipo kaka." Akashusha boksi, nikalipa, nikapanda daladala nimelikumbatia kama mtoto mchanga. Nyumbani dogo kashaazima CD mbili za mpira kwa wenzake mtaani. Tukaiwasha. Akashika CD, akaizungusha mashine mbele, nyuma, ubavuni, kisha akaniangalia: "Mjomba, CD naiweka wapi?"

Hapakuwa na pa kuiweka.

Kesho yake nikarudi dukani. Jibu: "Kaka, hizi za sasa draivu unanunua kando, hata ile kubwa ya bei mbaya iko hivyo hivyo." Akafungua kabati, akanitajia bei ambayo Mbagala ni kodi ya chumba miezi mitatu. Sasa kwamba muuzaji kanipiga, hilo tutamalizana mimi na yeye. Kilichoniuma ni kwamba nilipotaka kubisha, nikakuta nusu ya pili ya maneno yake ni kweli tupu. PS5 Pro, ndiyo hiyo kubwa, iliyotoka tarehe 7 Novemba 2024 kwa dola 699.99, haina draivu. Haina hata stendi. Dola mia saba, halafu ukitaka isimame wima ongeza dola 30, ukitaka isome CD ongeza dola 80. Ilipotangazwa Septemba ile, watu dunia nzima waliwaka, na Ulaya ndiyo kabisa maana huko bei ilikuwa yuro 799.99. Mimi wakati ule nilicheka. Nilidhani ni kilio cha wenye hela.

Nikakaa usiku nikapanga hesabu toka mwanzo, na hapo ndipo hasira iliponipanda.

Novemba 2020 PS5 ilipotoka zilikuwa mbili tu. Ya CD dola 499, isiyo na CD dola 399. Stendi ilikuwa ndani ya boksi, zote mbili. Kila mtu alijua anachonunua. Mwaka 2021 wakatoa toleo jepesi zaidi kwa gramu 300 hivi, kipozeo cha joto ndani kikapunguzwa, na hakuna aliyeambiwa kitu. Wenyewe waliofungua mashine ndio walioona. Kelele zikapigwa, waliopima joto wakaja na majibu yanayopingana, mambo yakaisha. Sawa. Hilo naweza kulisamehe, kiwanda chochote hubadilisha vipuri. 2022 wakabadilisha chipu ikawa ndogo na isiyokula umeme sana, tena hapo niwape hongera yao.

Halafu ikaja ile ya Novemba 2023 ambayo sote tunaiita Slim. Isiyo na CD ikapanda kutoka 399 hadi 449. Stendi ikatolewa kwenye boksi, wakaweka vijiplastiki viwili vya kuilazia chali. Na Agosti 2025 Marekani wakapandisha zote kwa dola 50, kwa hiyo isiyo na CD ikafika dola 499.99. Wakuu, soma tena hiyo namba. Miaka mitano baada ya mashine kutoka, isiyo na CD ikauzwa bei ya ile yenye CD siku ya uzinduzi! Huko Ulaya Septemba 2025 wakaongeza tusi juu ya jeraha: toleo jipya lisilo na CD likashushwa hifadhi kutoka TB 1 kurudi GB 825, bei ile ile.

Sisi tuliokua na PS2 tunajua mashine huzeeka vipi. PS2 ilitoka Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, mwaka 2002 ikawa 199, mwaka 2009 ikawa 99. Ndiyo maana ilifika hadi vichochoroni kwetu. PS3 ya GB 60 ilianza na dola 599 mwaka 2006, watu wakaitukana, na 2009 ikaja nyembamba kwa dola 299, draivu iko ndani, hakuna cha kuunganisha. Mashine ikizeeka ilishuka bei, na wanyonge tukapata zamu yetu. Hii ya sasa inazeeka ikipanda bei kama kiwanja cha Kigamboni.

Kuna watu watasema CD imepitwa na wakati. Kwanza, najua kitaalamu ni Blu-ray, wajuaji tulieni, mtaani kila kitu cha mviringo kinachong'aa ni CD. Pili, njoo unieleze imepitwa na wakati kwa nani. CD unainunua, unaicheza, ukiichoka unaiuza au unabadilishana na mtu wa Sinza mnakutana kituoni. CD moja ya mpira mtaani kwetu inapita nyumba sita kabla haijapata mikwaruzo. Ukinunua ya mtandaoni huiuzi, huiazimi. Na ununue wapi? Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network (PSN), huduma yao ya mtandaoni. Kenya haimo. Uganda haimo. Kila mmoja wetu hapa ana akaunti inayosema anaishi Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, na kadi za kujazia salio tunazinunua kwa watu wa WhatsApp kwa bei wanayoijua wao. Mei 2024 ile gemu ya Helldivers 2 ilipotaka kila mchezaji wa PC awe na akaunti ya PSN, ikaondolewa sokoni Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za PC, kwenye nchi na maeneo 177. Ndiyo kundi letu hilo. Halafu ukishapata kadi, gemu moja inaweza kula GB 100 na ushee za bando. Mimi nina bando la wiki, nalinda kama maji ya kisima.

Na hiyo draivu ya kando ina kituko chake. Ukiichomeka mara ya kwanza, mashine inataka intaneti ili itambulishane nayo. Kifaa cha kusomea CD, kitu cha mtu asiyetegemea intaneti, kinaomba intaneti.

Sasa tuje kwenye pedi, maana huku ndiko wenye vibanda vya gemu watanielewa vizuri.

Nisiwe mnafiki, pedi ya PS5 mkononi ni tamu. Ule mtetemo wake unasikia mvua, unasikia kokoto. L2 na R2, vile vitufe vya nyuma vya kufyatulia, zinakaza kama upinde halisi. Betri yake ni mAh 1560 wakati ya PS4 ilikuwa 1000. Wajapani ndio walionuna, kwa sababu tangu PlayStation ya kwanza 1994 wao walithibitisha kwa kitufe cha duara, na kwenye PS5 wakaambiwa sasa ni msalaba kama nchi nyingine. Mtu mzima unajikuta unafuta ulichotaka kuhifadhi. Lakini ndani ya pedi hiyo tamu wameweka analogi, vile vijiti viwili vya kusukuma kwa kidole gumba, ya aina ile ile ya zamani.

Inavyofanya kazi ni hivi. Chini ya analogi kuna utepe wa kaboni, na juu yake kuna kidole kidogo cha chuma kinachoukwangua kila unapoisukuma. Mashine inasoma umeme unaopita pale, inajua umeelekeza wapi. Kukwangua ni kukwangua, utepe unalika, vumbi lake linabaki humo humo, na siku moja umeachia analogi lakini mashine inasoma bado umesukuma kushoto. Kipa anatoka golini peke yake. Mwaka 2021 iFixit, wale wa kufungua na kurekebisha vifaa, waliifungua pedi hii wakatazama karatasi ya mtengenezaji wa analogi: mizunguko 2,000,000. Wakapiga hesabu kwa gemu ya kupigana risasi, wakapata kama saa 417 za kucheza.

Saa 417 kwa mtoto wa nyumbani anayecheza saa mbili kwa siku ni miezi saba. Haya, peleka kibandani. Kibanda kinachofunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa nne usiku ni saa 12 kwa siku. Gawanya. Siku 35! Hata tukisema mpira hauzungushi analogi kama risasi, zidisha mara mbili, bado ni siku 70. Pedi ilitoka kwa dola 69.99. Mwenye kibanda anatoza kwa mechi, vijana wanamwambia "bosi pedi hii inavuta", naye anachukua pamba na spiriti. Tena pedi zake za PS4 alizorundika miaka yote hazimsaidii, maana kwenye PS5 zinacheza gemu za PS4 tu, gemu ya PS5 inazikataa. Wenzao wa Xbox, ambao sina undugu nao, waliruhusu pedi za Xbox One zifanye kazi kwenye Series X na Series S tangu siku ya kwanza.

Na msiniambie hakuna dawa. Dreamcast, mashine ya gemu ya Sega, mwaka 1998, analogi yake ilisoma kwa sumaku. Hakuna kinachogusana, hakuna kinacholika. Leo GuliKit, kampuni ya vifaa vya gemu, wanauza analogi za sumaku za kubadilishia, na kampuni ndogo ndogo zinaziweka kwenye pedi za bei ya kawaida. Hawa wakubwa wao walifanya nini? Marekani wakafunguliwa kesi Februari 2021 juu ya hizo analogi. Januari 2023 wakatoa pedi ya bei ghali, DualSense Edge, dola 199.99, ambayo analogi ikiharibika unaichomoa na kuweka nyingine kwa dola 19.99. Yaani hawakutibu ugonjwa, wameanza kuuza bandeji. Na betri ya hiyo pedi ya dola mia mbili ni mAh 1050, ndogo kuliko ya kawaida! Nintendo nao wasijifiche nyuma: rais wao Furukawa aliomba radhi mwaka 2020 kwa usumbufu wa Joy-Con, zile pedi za mashine yao ya Switch, halafu Switch 2 ikatoka Juni 2025 kwa dola 449.99, na analogi zake si za sumaku.

NYONGEZA: Nimesoma majibu ya kurasa mbili za kwanza. Mkuu mmoja anasema ni ushuru wa Marekani na gharama za chipu, nisiwalaumu. Mkuu, nakuheshimu, lakini stendi ya plastiki ina chipu gani? Ilitolewa kwenye boksi 2023, huo ushuru wa 2025 hata haujazaliwa. Na bei ya Ulaya inahusiana vipi na ushuru wa Marekani?

Mwingine anasema kosa ni langu, ningesoma boksi. Hapo nimekubali nusu. Boksi la yenye CD na la isiyo na CD yanafanana kama mapacha, na mimi nilimwamini binadamu. Ila dada mmoja mwenye kibanda Mwanza kaandika neno zuri huko chini, nendeni mkalisome, kuhusu kununua PS5 za 2020 zilizotumika kwa sababu draivu iko ndani na stendi inakuja nayo. Anasema wateja wake wanaziulizia hizo kuliko mpya. Kwa mara ya kwanza nasikia toleo la kwanza la mashine linatafutwa kuliko la mwisho.

Kwa hiyo ninaomba vitu viwili. Mwenye draivu ya Slim iliyotumika, nzima, ya kukutana mchana mahali penye watu, aje PM. Na fundi wa Dar aliyewahi kulehemu analogi za sumaku kwenye pedi ya PS5 zikakaa sawa bila kuyumba, aweke picha ya kazi yake hapa, si maneno. Analogi ile ina miguu 14 ya kuchomoa, sitaki mtu ajifunzie kwenye pedi ya mtoto.

Dogo mwenyewe kaegemeza mashine ukutani na kamusi yangu ya Kiswahili. CD za watu bado ziko juu ya TV, na wenzake wameanza kuzidai.