Wakuu, kati ya utafiti wa chuo na wa kampuni binafsi, upi wa kuaminiwa? Nina wiki mbili tu

Binti Kilosa
Habari za jioni wanajamvi. Naombeni ushauri, kichwa hakitulii.

Mjomba wangu anafuga kuku wa nyama Morogoro, vifaranga kama 1,000 kwa mzunguko. Kuna kirutubisho kipya cha kuchanganya kwenye maji. Kampuni inasema kuku anafikisha uzito mapema na huhitaji tena kumpa antibayotiki. Wana majaribio yao, wana grafu, wana picha za kuku wamenona. Sasa kuna chuo nacho kimefanya utafiti wa kitu hichohicho na majibu hayajafanana sana na ya kampuni. Mjomba ananitegemea mimi kwa kuwa ndiye niliyesoma kwenye ukoo. Nimwambie aamini upi? Msinitukane jamani, nimekonda kwa mawazo.

Baba Nasra
Mimi nafuga Mbagala tangu 2009. Mwaka juzi nililetewa dawa ya maji na kijana mmoja mtanashati, ana kishikwambi, ananionyesha video. Nikanyweshea banda zima. Siku ya nne nikaanza kuokota: 12, kesho yake 40, mpaka wanafika 180. Namba ya yule kijana haikupatikana tena. Tangu siku hiyo mimi na vitu vya kwenye maji tunaangaliana kwa mbali.

Ila dada hujasema kinaitwaje. Maana na mimi nimeletewa kimoja wiki iliyopita, maelezo ni hayohayo. Nina vifaranga 600 vinaingia Jumatatu. Nakaa hapahapa kwenye uzi.

Mkemia Mstaafu
Binti, nimefanya kazi maabara ya kiwanda miaka 26. Watu wanapenda kuamini kwamba chuoni kuna malaika na kiwandani kuna wezi. Kiwandani ukikosea, bidhaa inarudi, mteja anashtaki, unafukuzwa kazi. Chuoni ukikosea unapandishwa cheo kwa idadi ya makala. Mwaka 2012 watu waliotoka Amgen, kampuni ya dawa ya Marekani, waliandika kwenye jarida la Nature kwamba walijaribu kurudia tafiti 53 mashuhuri za saratani ili wajenge dawa juu yake. Zilizokubali kurudiwa zilikuwa 6. Sita! Nyingi ya tafiti hizo zilitoka kwenye maabara za vyuo. Kampuni ndiyo iliyogundua, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inakwenda kupoteza hela.

Mwambie mjomba aamini kampuni yenye anwani na kibali.

Mlima Udzungwa
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo umechukua upande mmoja wa shilingi. Volkswagen walisema dizeli yao ni safi, wana wahandisi maelfu na maabara zinazong'aa. Waliowakamata ni timu ndogo ya Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga mitambo ya kupimia nyuma ya gari wakaingia nalo barabarani. Ripoti ilitoka 2014, mwaka uliofuata dunia nzima ikajua kwamba gari lilikuwa na programu inayotambua kuwa linapimwa, likipimwa linajifanya zuri. Na sigara je? Mwaka 1954 makampuni ya tumbaku ya Marekani yalilipia tangazo kwenye mamia ya magazeti, yakaahidi kugharamia utafiti wa afya ya wavutaji. Miaka iliyofuata ikawa ni kuchelewesha ukweli tu.

Huwezi kumwachia anayeuza ajipimie mwenyewe.

Mkemia Mstaafu
Marahaba. Na wale maprofesa wa Harvard waliolipwa na chama cha wenye viwanda vya sukari, 1967, wakaandika kwamba tatizo la moyo ni mafuta na sukari wakaipunguzia lawama? Ilikuja kujulikana 2016. Hao walikuwa wa chuo au wa kampuni?

Mtaa wa Saba
2011 nilipanga foleni Loliondo siku tatu, kikombe cha dawa ya Babu shilingi 500, bila grafu wala profesa. Mjomba ajaribu kwa kuku.

Takwimu Dodoma
Mtaa wa Saba, subiri kwanza. Binti, swali lako halijibiki lilivyo. Huo utafiti wa chuo ulikuwa na kuku wangapi, vyumba vingapi, nani alilipia? Umeusoma mwenyewe au umesikia?

Binti Kilosa
Vifaranga 240, vyumba 12, kila chumba 20. Vyumba 6 kirutubisho, 6 maji matupu. Siku 35.

Takwimu Dodoma
Umejibu bila kufungua karatasi. Nani alilipia?

Binti Kilosa
Sawa. Utafiti ni wangu. Ni wa shahada ya uzamili. Mjomba yupo kweli na anafuga kweli, sijadanganya, ila anayesubiriwa na tarehe ni mimi. Natakiwa kukabidhi tasnifu baada ya wiki mbili.

Aliyelipia ni kampuni yenye kirutubisho. Vifaranga, chakula, maranda, posho yangu ya kujikimu. Bila wao nisingefanya. Mkopo sikupata, mama anauza maandazi. Naombeni muelewe hilo kabla ya kunihukumu.

Dada wa Kwaya
Pole mdogo wangu. Lakini biblia inasema mizani ya hadaa ni chukizo. Ukianza maisha na uongo, utakula uongo mpaka uzeeni. Riziki anatoa Mungu, hatoi mkurugenzi.

Binti Kilosa
Dada, wapi nimesema nimedanganya?

Nipo Oakland
Nimeishi huku miaka 14, nafanya kazi duka la dawa, na kisa hiki kila mfamasia wa hapa mwenye umri kidogo anakijua. Betty Dong, mfamasia wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, 1987 aliingia mkataba na watengenezaji wa Synthroid, dawa ya tezi ya shingoni. Walimlipa alinganishe dawa yao na nyingine tatu za bei nafuu. Walikuwa na uhakika watashinda. Akamaliza, akakuta zote nne zinafanya kazi sawa. Akaandika makala, jarida la JAMA likaikubali, ikapangwa itoke Januari 1995. Ikaondolewa dakika za mwisho. Kwa nini? Kwenye mkataba kulikuwa na mstari mmoja: matokeo yasichapishwe bila idhini ya maandishi ya kampuni. Ilitoka Aprili 1997. Miaka yote hiyo wagonjwa walikuwa wanalipia dawa ya bei ghali bila sababu.

Binti, umesaini nini?

Binti Kilosa
Upo mstari unaofanana na huo. Kwamba wasome kwanza na waridhie kwa maandishi. Kila mtu chuoni anasaini hivyo, ni kawaida.

Na wameniahidi kazi ya afisa wa kanda. Sijaitafuta, walinipigia wenyewe. Kaka zangu wawili wapo nyumbani na vyeti vyao, msiniambie nikatae kazi kwa sababu ya kuku.

Takwimu Dodoma
Hakuna aliyekuambia ukatae kazi. Kirutubisho kilifanya kazi au hakikufanya?

Binti Kilosa
Inategemea unahesabuje.

Usiku wa siku ya sita umeme ulikatika. Nilikuwa nalala palepale bandani, nikawasha vyungu vya mkaa. Nikapitiwa na usingizi. Kufika alfajiri baadhi vimezimika, vifaranga vimelundikana pembeni kama kichuguu. Walikufa wachache tu, lakini waliobaki walidumaa, kinyesi kinagandia nyuma, wiki ya tatu ukiwaona unadhani wana siku kumi. Hivyo vyumba haviwezi kusema chochote kuhusu kirutubisho, vinasema kuhusu baridi. Mtu wa kampuni alipoona takwimu akaniambia vitolewe. Kitaalamu yupo sahihi. Nimeshavitoa kwenye jedwali.

Mlima Udzungwa
Kwa kweli hapo hata mimi ningevitoa.

Takwimu Dodoma
Hata mimi, kwa masharti. Vilipoa vyumba vingapi, na vya kundi gani?

(Saa tano zimepita, binti upo?)

Binti Kilosa
Vitatu. Viwili vya kirutubisho, kimoja cha maji matupu.

Takwimu Dodoma
Umevitoa vitatu?

Binti Kilosa
Viwili.

Kile cha maji matupu hakikupoa sana kama vile viwili. Nilikuwepo, niliona kwa macho. Ninyi hamkuwepo.

Takwimu Dodoma
Uliamua lini kuvitoa, kabla ya kupima uzito wa siku ya 35 au baada? Na tuwekee wastani.

Binti Kilosa
Baada.

Kirutubisho, vyumba vinne vizima: gramu 1,798. Viwili vilivyopoa: 1,510. Maji matupu, vitano vizima: 1,790. Kilichopoa: 1,490.

Takwimu Dodoma
Unasema hakikupoa sana, na ndicho chenye kuku wepesi kuliko vyote.

Ngoja niwafanyie wote hesabu. Vyumba vyote 12 vikibaki: kirutubisho 1,702, maji 1,740, kirutubisho kimeshindwa kwa gramu 38. Ukitoa viwili kama ulivyofanya: 1,798 kwa 1,740, kimeshinda kwa gramu 58. Ukitoa vyote vitatu, ambako ndiko kulinganisha kwa haki: 1,798 kwa 1,790. Gramu 8 kwa kuku wa siku 35. Vijiko viwili vya sukari.

Mnaona sasa kwa nini swali la chuo au kampuni halina jibu? Utafiti huu ni wa chuo, utabeba nembo ya chuo, utawekwa maktaba. Kuku ni walewale, mizani ni ileile. Kinachoamua ni kanuni ya kutoa vyumba iliandikwa lini na nani. Wahariri wa majarida makubwa ya tiba walipochoka na mambo haya walisema kuanzia 2005 hawachapishi jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya kuanza. Hawakuuliza wewe ni wa chuo au wa kiwanda.

Mkemia Mstaafu
Hapo nakubali. Kiwandani kwetu sampuli haikutolewa bila saini ya watu wawili, na sababu inaandikwa kabla majibu hayajasomwa. Nilisahau kusema hilo mwanzoni, na ndilo lililokuwa la maana.

Kidagaa
Nimesoma yote kimya. Hii ni chai, tena ya rangi. Ameanza mjomba, tukaambiwa ni yeye, mara mkataba, mara kazi, mara chungu cha mkaa. Kila akibanwa kinatoka kipande kipya kama tamthilia ya saa tatu usiku. Na namba zimenyooka mno, 1,798 kwa 1,790, nani anapata namba nzuri hivyo? Kwa macho yangu huyu ni muuza kirutubisho kingine anamchafua mwenzake. Kesho utaona anaweka namba ya simu.

Mtaa wa Saba
Nilikuwa nalia hapa kumbe nalishwa chai.

Mlima Udzungwa
Hata jina la bidhaa hajataja. Anamchafua nani?

Kidagaa
Ndiyo ujanja wenyewe. Mtu wa uzamili anakuja kuuliza jukwaani badala ya kumuuliza msimamizi wake?

Binti Kilosa
Msimamizi wangu yupo nje ya nchi, na ndiye aliyeniunganisha na kampuni. Nimuulize nini?

Ukitaka usiniamini, Kidagaa. Mimi nimelala bandani siku 35.

Baba Nasra
Mimi namwamini. Mtunga hadithi angesema vifaranga vyote vilikufa asubuhi ile. Anayefuga ndiye anayejua kwamba wengi hawafi, wanabaki wamedumaa na kinyesi kimegandia nyuma, unawalisha mwezi mzima na hawalipi. Hicho hakisomwi popote, mpaka uwe umewashika na kuwaosha kwa maji ya vuguvugu.

Kidagaa
Baba Nasra una huruma sana. Ndiyo maana ulipigwa 180.

Nipo Oakland
Binti, achana na Kidagaa. Vile vyumba vitatu viandike vyote kwenye tasnifu, na usiku wa siku ya sita uandike kama ulivyotuandikia sisi. Na huo mkataba upeleke kwa ofisi ya utafiti ya chuo kabla ya kukabidhi, si baada. Betty Dong alisaini akidhani ule mstari hautatumika.

Binti Kilosa
Ni rahisi kusema ukiwa Oakland. Jedwali limeshatumwa kwao, wamelipenda. Nikibadilisha sasa nitaonekana mimi ndiye niliyedanganya mwanzo.

Baba Nasra
Dada, mambo ya tasnifu siyajui. Paketi moja naambiwa 18,000, kwa vifaranga 600 nitahitaji tano, hiyo ni 90,000 na ada ya Nasra bado sijamalizia. Yule kijana anapita kesho saa nne kuchukua hela. Nadhani ni hichohicho, paketi ina jogoo mwekundu. Ninunue au nisinunue?

Binti Kilosa
Ni hichohicho.

Usinunue, Baba Nasra.