Naomba ushauri: watoto wanajua "left" na "right", lakini kuelekeza njia kunawashinda

Walimu wenzangu, habari za kazi.

Nafundisha Kiingereza darasa la tano. Tuko kwenye kuelekeza njia, wiki ya pili sasa, na nimekwama. Nikichora barabara ubaoni na kuuliza "Where is the bank?", mikono inajaa. Lakini juzi nilipanga madawati yawe mitaa, nikamfunga mtoto mmoja kitambaa machoni ili mwenzake amwongoze. Walikuwa wametazamana. Mwelekezaji akasema "turn left" akimaanisha kushoto kwake yeye, mwenzake akageukia upande mwingine kabisa na kugonga dawati. Hapo nikaona tatizo si msamiati.

Linalonisumbua zaidi ni "opposite" na "in front of". Wakifikiri kwa Kiswahili, yote mawili huwajia kama "mbele ya", basi jengo lililo ng'ambo ya barabara nalo wanasema liko "in front of". "Go past" nayo inageuka "pass", maana sisi tunasema tu "pita".

Je, mnaanza na miili kwanza, wote wakitazama upande mmoja, ndipo mje kwenye ramani? Au ramani kwanza, wakiizungusha kila wanapopinda kona?

Na darasa likiwa na watoto wengi, mnafanyaje ili kila mmoja apate zamu ya kusema? Kuna wapole wa nyuma ambao nina hakika wanaelewa, ila tangu tuanze mada hii sijawasikia hata mara moja. Hao wananiuma sana.