Mjadala: Charlie angeuza mgahawa wa wazazi, au alifanya vizuri kuushika?

Mwana wa Katuba
Wandugu, nyumbani tumerudia kuangalia La Vie à cinq, ile tamthilia ya Marekani ya watoto wa Salinger, ambayo kwao inaitwa Party of Five. Kwa asiyeikumbuka: baba na mama wamekufa barabarani, wamegongwa na dereva mlevi, wameacha watoto watano mjini San Francisco pamoja na mgahawa wenye jina la ukoo. Charlie, mkubwa, ana miaka 24. Bailey 16, Julia 15, Claudia 11, Owen bado wa kubebwa. Charlie hakuitaka kazi ya ubaba, ila ndiyo imemwangukia. Tangu hapo ni wachumba kuachana, hesabu za mgahawa kutotimia, na wadogo kukua bila mtu wa kuwaambia basi.

Swali langu ni moja. Alikuwa na haki ya kuushika mgahawa kwa niaba ya wote, au angeuza mapema kila mmoja apewe chake? Mimi nasema angeuza. Biashara ya marehemu ikishikwa na mtu asiyeipenda hufa polepole, na undugu hufa nayo.

Fundi wa Kamalondo
Umesahau meza. Kila wiki hao watoto hukaa pamoja kwenye meza yao ndani ya ule mgahawa, hata wakiwa wamenuniana. Bailey kagombana na Charlie, Julia hataki kumtazama mtu, lakini saa ikifika wanakuja. Uza mgahawa, meza hiyo unaipeleka wapi? Nyumbani watu wanaweza kuishi bila kuonana, kila mmoja na mlango wake.

Halafu tuseme mambo kama yalivyokuwa. Mwanzoni Charlie hakuwa peke yake pale, alikuwepo Joe, rafiki wa baba yao. Charlie alianza kwa kupoteza pesa za nyumba kwenye biashara mbovu aliyoiingia mwenyewe. Kosa la kwanza halikuwa mgahawa. Ni kijana mmoja kushika pesa za watu watano bila kuuliza mtu.

Kijana wa Bel-Air
Si ilikatwa mwaka 1998? Nakumbuka waliimaliza mbiombio.

Fundi wa Kamalondo
Hapana mdogo wangu. Ilianza Septemba 1994, ikaisha Mei 2000, misimu sita. Mwaka 1996 ilipata tuzo ya Golden Globe ya tamthilia bora. Labda unachanganya na toleo jipya la 2020, la familia ya Acosta, ambamo wazazi hawakufa, walifukuzwa Marekani wakarudishwa Mexico. Hilo ndilo lililodumu msimu mmoja tu.

Kaka wa Kampemba
Mnazunguka. Shida ya wale watoto ni kukosa wakubwa. Kijana wa miaka 24 anabadilisha wanawake, harusi yake na Kirsten inavunjika kwa sababu yake mwenyewe, ndiye mumpe biashara? Hapa Lubumbashi baba mdogo angefika siku ya matanga, angeshika funguo, watoto wangerudi shuleni, na tamthilia ingeishia hapo.

Mama wa Malewa
Angeshika funguo. Umeandika hivyo na mkono haukutetemeka?

Nikueleze zinavyoshikwa. Baba yetu alipofariki tulikuwa na malewa, kimgahawa chetu, karibu na soko, sahani za bukari (ugali) na samaki wa thomson, bukari na sombe (kisamvu), watu wa kazi wanakula mchana. Baba mdogo alipofika hakuanza na friji, wala masufuria. Alianza na kaye, daftari la madeni. Ilikuwa kaye ya kawaida ya shule, jalada limelowa mafuta, mama alikuwa akiandika kwa biki ya bluu: mwalimu fulani, dereva wa lori la Kasumbalesa mpakani, askari, fundi wa baiskeli, kila mmoja na kiasi chake. Watu bado wamekaa kwenye viti vya matanga, yeye anapita kwa wadeni mmoja mmoja: "Mkubwa sasa ni mimi, mnilipe mimi." Wakalipa kwa heshima ya msiba. Tulipofungua tena hatukuwa na pesa ya unga wala ya mfuko wa makala (mkaa), na tukimgusia mteja deni lake anatushangaa, maana yeye ameshalipa. Friji lilifuata baadaye. Masufuria pia.

Kwa hiyo usinifundishe habari za funguo.

Kaka wa Kampemba
Pole kwa yaliyowapata, mama. Lakini mimi mwenyewe ni baba mdogo. Nimelea watoto wa marehemu kaka yangu, nimewalipia minervali, ada ya shule, hadi wakapata diploma, na hakuna hata kijiko cha nyumba ile kilichoingia kwangu. Mkitutia sote kapu moja, kesho mtu akifa ndugu zake wataogopa hata kulala matangani wasije wakaitwa wezi. Na hao watoto mnaowatetea watalipiwa na nani?

Mama wa Malewa
Kama ulilipa minervali, Mungu akubariki, sikukusema wewe. Lakini uliandika "angeshika funguo". Hukuandika "angelipa minervali".

Kijana wa Bel-Air
Sheria si imeshamaliza haya? Mjane nusu, watoto nusu, baba mdogo hana kitu.

Karani Mstaafu
Mwanangu, sivyo. Mambo haya nimeyaandika kwa mkono wangu miaka na miaka. Sheria ya familia tuliyo nayo hapa Kongo ni ya tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa Julai 2016. Marehemu asipoacha wosia, kundi la kwanza ni watoto wake, nao wanachukua robo tatu ya mirathi, wagawane sawa kwa sawa, wa kiume na wa kike. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, lenye matawi matatu: mke au mume aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Kila tawi linapata moja ya kumi na mbili. Kwa hiyo baba wadogo na mashangazi wote, hata wawe wengi namna gani, wanagawana hiyo moja ya kumi na mbili kati yao.

Mama, yule aliyechukua kaye alichukua mali ya mirathi. Deni la marehemu kwa watu ni deni, na deni la watu kwa marehemu ni mali, sawasawa na friji.

Kaka wa Kampemba
Asante, baba Karani. Kwa hiyo haki ninayo. Na msimamizi wa mirathi nasikia ni mrithi mwenye umri mkubwa. Kati ya mtoto wa miaka 24 na mimi, mwenye umri ni nani?

Karani Mstaafu
Ni kweli sheria inaanza na mrithi mkubwa kwa umri, na akijitoa, warithi wanamchagua mwingine. Mahakama ndiyo inamthibitisha. Lakini usikimbilie hapo ukadhani umepewa kiti. Kazi yake ni kuandika mali yote, kulipa madeni ya marehemu na kumpa kila mrithi chake, kisha kutoa hesabu mbele yao. Nimeona wengi wakigombania usimamizi huo kwa ngumi. Siku ya kutoa hesabu hawaonekani.

Binti wa Ruashi
Mmeng'ang'ana na baba wadogo mpaka mmesahau ndugu wenyewe. Mnasema Charlie alishika mgahawa, Charlie aliwalea. Na Julia? Msichana mwenye akili za chuo, anamaliza sekondari anaolewa na Griffin, ndoa yenyewe haidumu. Watu wanasema mapenzi ya utoto. Mimi naamini alikuwa anaikimbia ile nyumba. Ukiwa msichana katika nyumba isiyo na mama, hakuna anayekutangaza kuwa mama, ila kila kitu kikikosekana jina linaloitwa ni lako.

Nyumba nyingi za hapa ndivyo zilivyo. Yaya, yaani ndugu mkubwa, wa kiume anaitwa mkubwa wa biashara. Wa kike ndiye anayeamka umeme wa shirika la SNEL umekatika, anawasha makala gizani, anapanga foleni ya unga ukipanda bei mpakani. Jioni mkubwa wa biashara anakuja kuchukua makuta (pesa).

Kaka wa Kampemba
Kwa sababu msichana akiolewa mali inahamia kwa wakwe! Tuwe wakweli. Na mke hawezi kuendesha biashara bila ruhusa ya mume, hiyo ni sheria, Karani yupo hapa atathibitisha.

Karani Mstaafu
Siwezi kuthibitisha kitu kilichofutwa. Habari ya ruhusa ya mume ilikuwa katika sheria ya 1987. Marekebisho ya 2016 yameiondoa.

Binti wa Ruashi
Umesikia, kaka? Sasa nijibu jambo moja. Wale watoto uliowalea, kuna wa kike? Naye unamwambia hivyo hivyo, kwamba mali ikiwa mkononi mwake ni ya wakwe?

Kaka wa Kampemba
Yupo. Ndiye anayesimamia duka langu. Namwamini kuliko wanangu wa kuzaa, na ninasema hivyo hadharani.

Binti wa Ruashi
Unamlipa?

Kaka wa Kampemba
Anakula kwangu, analala kwangu, akiugua ni mimi. Katika familia hatulipani.

Mama wa Malewa
Sikuuliza anakula wapi, na yeye hakukuuliza hivyo. Kijana wa kupakua magunia hapo dukani kwako unamlipa?

Fundi wa Kamalondo
Mwana wa Katuba, umenyamaza. Umetuletea Charlie, tumeuana sisi kwa sisi, wewe unasoma tu. Nakujua kwa maandishi yako ya siku nyingi. Kuna lupango, kiwanja na nyumba, la baba mnataka kuliuza, na umekuja kutafuta sauti za kukuunga mkono.

Mwana wa Katuba
Angalia unachoandika, Fundi. Mimi si mtu wa kuuza jasho la baba ili ninywe. Ndiyo, tuna duka, na nyuma ya duka tunaishi. Tuko wanne. Dada yetu wa pili ndiye anayeliendesha tangu matanga, na hataki kuuza. Mdogo wetu amekubaliwa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na hatuna pesa ya kumwandikisha. Nifanye nini, nimwambie asubiri duka lizae? Mwaka wa masomo haumsubiri mtu. Na mkumbuke hata Salinger mwishoni nyumba inauzwa, kila mmoja anashika njia yake, na hakuna aliyekufa.

Fundi wa Kamalondo
Mwishoni, ndiyo. Baada ya misimu sita, Owen ameshakua, Charlie ameshapona saratani, Bailey ameshaacha pombe. Wewe unataka kuanzia kwenye sehemu ya mwisho.

Na hilo la Bailey ndilo lililonitoa machozi kuliko yote. Wazazi wameuawa na mlevi, kisha mtoto wao mwenyewe anakuwa mlevi, anapata ajali na Sarah akiwa ndani ya gari. Waliomkalisha chini na kumwambia ukweli usoni ni ndugu zake. Wangekuwa wamegawana pesa na kutawanyika, nani angemkalisha?

Kijana wa Bel-Air
Lakini Fundi, mdogo wake anahitaji chuo sasa. Hajasema wanatawanyika.

Karani Mstaafu
Kuna njia ya katikati, na naona watu wanaogopa kuitumia kwa sababu ina karatasi. Tangu mwaka 2012 nchi yetu iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara. Familia inaweza kulifanya duka kuwa kampuni ndogo, kila mtoto na hisa zake. Dada akawa meneja mwenye mshahara ulioandikwa. Anayetaka pesa yake anawauzia wenzake hisa, si lazima duka lote liende sokoni. Mdogo anayehitaji chuo anaweza kupewa faida kwanza, ikaandikwa kwamba amechukua.

Mama wa Malewa
Nikubaliane na Karani, ila niongeze la jikoni. Mshahara wa anayefanya kazi utoke kabla ya faida. Unatoa bidhaa, unatoa makala au umeme, unatoa mshahara wake, na kinachobaki ndicho cha ndugu wote, naye akiwa mmoja wao. Sisi tulipoanza upya kwa pesa za likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu, tulifanya hivyo, na ndipo ugomvi wa jioni ulipokwisha, kwa sababu hakuna tena aliyekuja kuchota kwenye sanduku akisema na mimi ni mtoto wa marehemu.

Mwana wa Katuba
Dada yangu amesoma yote haya kwenye simu yangu. Anauliza huo mshahara unahesabiwa kuanzia lini.

Mama wa Malewa
Kuanzia siku aliyofungua mlango baada ya matanga.

Kaka wa Kampemba
Hapo sikubali. Mkianza kurudi nyuma, na yeye alipe kodi ya nyumba ya baba aliyokaa miaka yote hiyo. Kwake na kwa duka.

Binti wa Ruashi
Wengine watatu walikaa wapi, hotelini? Wote wamelala humo humo. Na duka lingefungwa, leo mngekuwa mnagawana rafu tupu.

Mwana wa Katuba
Mmoja wetu yuko Kolwezi, hakukaa. Hilo la kodi yeye ndiye analolisema kila akipiga simu.

Karani Mstaafu
Basi Jumapili mumpigie akiwa na kalamu. Upande mmoja mwandike mshahara wa dada tangu matanga, upande wa pili kodi ya hao watatu waliolala humo, kila mmoja yake. Mtoe moja kwa nyingine. Na mleteni na kaye ya madeni ya baba, kama bado mnayo, kwa sababu yaliyomo humo ni ya wote wanne.