Tupeane uzoefu: ardhi ikitikisika, korongo likishuka, mlima ukikatika huku kwetu kati

Mkazi wa Ntyuka (mwanzisha mada)

Mbukwenyi wadau wa Dodoma, na majirani zetu wa Singida na Manyara.

Tangu Serikali ihamie Dodoma, mji umepanda vilimani na kushuka mabondeni kwa kasi ambayo sisi tuliokulia hapa hatukuitegemea. Watu wananunua viwanja wakiamini kwamba huku kati ni pakavu na pametulia, kwamba matetemeko ni mambo ya Bukoba na Arusha. Si kweli. Novemba 2002 Dodoma ilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa karibu 5.5, na madogo madogo hayajawahi kuisha. Ongeza makorongo yanayokula viwanja kila msimu wa mvua, na majabali yaliyokaa juu ya mapaa ya watu kule vilimani. Tuna mengi ya kuambiana.

Mwenye kisa aeleze alikuwa wapi, nyumba ilikuwa ya aina gani, alifanya nini na nini kilimsaidia. Naomba tusilete zile sauti za WhatsApp za "tetemeko kubwa linakuja saa sita usiku". Hakuna mtu duniani, awe na shahada gani, anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Ujumbe wa namna hiyo ufute, usiusambaze.

Mzee wa Kintinku

Wanangu, mimi nakaa Kintinku, chini ya ule mwinuko ambao treni huupanda kwenda Saranda na Manyoni. Ukisimama Kilimatinde ukatazama mashariki, unaiona mbuga yote ya Bahi imelala chini, tambarare, na wewe uko juu ya ukuta. Wajerumani walijenga boma pale juu. Vijana wengi hudhani ukuta ule umechongwa na mto. Mimi nilielezwa na watu waliokuja kupima mawe kwamba upande wa Bahi ndio ulioshuka, na ukuta ni makali ya mpasuko wenyewe. Tangu hapo nikipita pale napatazama kwa heshima.

Tetemeko la 2002 nalikumbuka vizuri. Kilichotangulia ni mngurumo, kama lori la mzigo linapita chini ya sakafu, halafu ndipo nyumba ikayumba. Sufuria zilizokuwa juu ya kabati zilianguka zote upande mmoja. Nyumba ya jirani yangu, ya tofali mbichi, ilipasuka kwenye kona kutoka juu hadi chini, ufa wa kuingiza mkono. Yangu ilikuwa tembe, ile nyumba ya paa bapa la udongo, ikamwaga vumbi la paa tu. Hakuumia mtu kwetu, namshukuru Mungu.

Lulu wa Chang'ombe

Shikamoo mzee. Naomba kuuliza: hapa hatuna volkano, na Bonde la Ufa shuleni tulifundishwa liko Natron, Manyara, Ngorongoro huko. Kwetu linafikaje?

Mpima Miamba

Dada Lulu, swali zuri na nitalijibu kwa urefu kidogo maana ndiyo kazi yangu.

Chini yetu, kuanzia hapa kupita Singida na Shinyanga hadi Mwanza, kuna bamba la mwamba mkongwe sana, sehemu kubwa granaiti, lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Majabali yote mnayoyaona yamebebana mjini, pamoja na Mlima wa Simba, ni kichwa cha mwamba huo. Bonde la Ufa la mashariki linateremka kutoka Ethiopia, linapita Kenya na kuingia kwetu kwa Natron na Manyara. Likikutana na mwamba huo mgumu haliwezi tena kukata bonde moja refu. Linachanika: mpasuko mmoja huku, mwingine kule. Ndiyo maana tuna mpasuko wa Bubu, uliopewa jina la ule mto unaotoka Kondoa kuingia mbuga ya Bahi, tuna wa Hombolo, na mingine midogo kuzunguka mji.

Mashariki ya Afrika inaachana na sehemu nyingine ya bara kwa milimita chache kila mwaka. Mwamba huvumilia kwa muda mrefu sana, miaka mamia hata maelfu, ukijikunja kidogo kidogo, halafu siku moja unateleza kwenye mpasuko kwa sekunde chache. Volkano si sharti. Mwaka 1964 upande wa Mbulu kulikuwa na tetemeko lililozidi 6, na mwaka 1910 kule Rukwa lilitokea lililozidi 7.

Na ule mngurumo alioutaja mzee una maana yake. Mwamba ukiteleza hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya kwanza yanakwenda mbio na hayana nguvu sana, hayo ndiyo yanayosikika. Ya pili yanachelewa, na hayo ndiyo yanayoyumbisha ukuta. Katikati unapata sekunde chache, wakati mwingine hata hizo hupati. Ukisikia mngurumo usisimame kujiuliza ni nini.

Mtumishi kutoka Bukoba

Nimehamishiwa Dodoma kikazi, lakini tarehe 10 Septemba 2016 nilikuwa nyumbani Bukoba. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri. Ukubwa ulikuwa 5.9, waliofariki hawakupungua 17, na majengo ya shule za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya. Watu wanataja namba hizo. Mimi ninachokiona nikifumba macho ni ule ukuta wa pembetatu unaofunga paa upande wa barabara. Ulitoka mzima mzima ukaangukia nje, mbele ya mlango, mahali ambapo kila mtu mwenye hofu angekimbilia. Mpangaji mwenzetu aliyekuwa anatoka alivunjika mguu. Mimi nilikuwa chini ya meza ya mninga, nimeshika mguu wa meza kwa mikono miwili. Nilitoka na vumbi puani, basi.

Jambo la pili: tulilala nje siku kadhaa, maana yale madogo yanayofuata yaliendelea. Ukuta uliobaki umesimama na ufa hauhitaji nguvu nyingi kuanguka. Kuna waliorudi ndani kuchukua godoro. Jamani, msirudi.

Kijana wa Makole

Kaka, pole sana, lakini hapo kwenye meza sikubaliani. Bibi yangu Kongwa alitufundisha ardhi ikitikisika mnatoka. Nyumba ya udongo ukibaki ndani unafukiwa na paa. Meza ya mninga wangapi wanayo?

Mpima Miamba

Nyote mna hoja, kinachoamua ni nyumba. Kama nyumba ni ya udongo au tofali mbichi, paa ni zito, wewe uko hatua chache tu kutoka mlangoni na nje ni uwanja mtupu, toka upesi na uende mbali na kuta, usisimame barazani. Bibi alikuwa sahihi kwa nyumba ya kwao. Kama uko kwenye jengo la zege na nondo, au ghorofani, au mlango uko mbali, kukimbia ndiko kunakoumiza. Inama chini, ingia chini ya meza imara, ishike mpaka mtikisiko uishe. Kama hakuna meza, kaa kando ya ukuta wa ndani usio na dirisha wala kabati, ufunike kichwa na shingo kwa mikono. Lifti usiiguse. Usiku ukiwa kitandani, lala kifudifudi na mto juu ya kichwa.

Likiisha: funga mtungi wa gesi, zima umeme kwenye swichi kubwa, vaa viatu kabla ya kukanyaga sakafu maana vioo vitakuwa chini, halafu toka utulie nje. Zimamoto ni 114, polisi 112. Ukitaka kujua lilikuwa kubwa kiasi gani na lilitokea wapi, subiri taarifa ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma.

Fundi wa Nala

Naomba niseme upande wangu, maana mimi ndiye ninayejenga hizo kuta.

Ukuta wa pembetatu alioueleza mtumishi ulitoka kwa sababu haukufungwa na kitu. Matajiri wengi wananiambia "fundi, linta weka juu ya mlango na dirisha tu, nondo ghali". Mimi nakataa kazi hiyo. Linta, ule mkanda wa zege na nondo, inatakiwa izunguke nyumba nzima, kuta za ndani na za nje, na nondo zipinde kwenye kona ziingie ukuta wa pili, zisikatwe zikaishia pale. Nyumba ikitikiswa kila ukuta unataka kwenda upande wake, na kona ndiyo inayoachia kwanza. Linta isiyokatika inazishika kuta zote pamoja. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, nazo zifungwe kwenye ukuta kwa waya au vipande vya nondo vilivyozikwa ndani ya zege. Na tofali za kuchoma ziloweshwe kabla ya kupangwa, la sivyo zinanyonya maji ya udongo wa saruji na ukuta unabaki umepangwa tu, haujashikana. Ukiugonga kwa nyundo tofali linang'oka zima na safi, halina saruji hata chembe. Hiyo ndiyo nyumba inayoua.

Halafu si kila ufa ni tetemeko. Dodoma tuna sehemu zenye udongo mfinyanzi mweusi, ukinyeshewa unavimba, kiangazi unanywea na kupasuka hata kidole kinaingia. Nyumba juu yake inapanda na kushuka kila mwaka, inapasuka mshazari kutoka kwenye pembe za madirisha. Chimba shimo kwenye kiwanja chako mwezi wa kumi kabla ya kuleta hata tripu moja ya mawe. Ukikuta udongo huo, msingi ushuke hadi kwenye ardhi ngumu, au utolewe ujazwe moramu ishindiliwe. Na tengeneza njia ya maji ya paa yaende mbali na msingi. Gharama yake inauma, najua. Kubomoa kunauma zaidi.

Mama wa Haubi

Mimi ni wa Kondoa. Kwetu hatari ya kila mwaka ni korongo. Waliozaliwa juzi hawajui kwamba miaka ya 1970 ardhi yetu ilikuwa imebaki mifupa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo ikahamishwa kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Wazee walilia, ng'ombe ndio benki yetu. Lakini miti ilirudi, majani yakarudi, na korongo nyingi zikapungua kasi. Udongo wetu ni laini na mvua yetu ni ya msimu mmoja, inakuja kwa hasira. Ukiondoa majani, maji yanapata mwanya mdogo kwenye njia ya ng'ombe, mwaka unaofuata ni mfereji, baada ya miaka michache nyumba iko ukingoni.

Ninachowaomba wanaojenga Dodoma mjini: korongo kavu si barabara wala si kiwanja cha bei nafuu. Mvua inaweza kunyesha mbali juu, kwako jua linawaka, na maji yakakukuta umesimama kwenye mchanga. Na vijana wetu wanaochimba mchanga chini ya kingo, wanachimba kuingia ndani mpaka ukingo unabaki unaning'inia. Tumemzika mtoto wa jirani yangu kwa njia hiyo. Hakukuwa na mvua wala tetemeko siku hiyo. Ukingo uliachia tu. Mchanga uchimbwe kutoka juu kushuka, kwa ngazi, na mtu asiinamie chini ya ukingo.

Shemeji wa Katesh

Mama, pole sana. Ndugu za mke wangu wako Katesh, chini ya Hanang'. Jumapili ile alfajiri, tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa zilikuwa zimeshinda zikinyesha, sehemu ya mlima ikashiba maji ikakatika. Hanang' ni volkano ya zamani, huko juu kuna tabaka la udongo na mawe yasiyoshikana vizuri. Tope lilishuka na magogo na mawe makubwa kwa njia za mito, likaingia sokoni na majumbani watu wakiwa bado wamelala. Zaidi ya watu 80 walifariki.

Baada ya hapo watu walisema mlima umelipuka. Haukulipuka. Wengine walisema ni laana, na maneno hayo yaliwaumiza sana waliofiwa. Shemeji zangu waliopona walikuwa wamejenga pembeni, kwenye mgongo wa ardhi, si kwenye njia ya maji. Ukikaa chini ya mlima, mvua ikipiga mfululizo, angalieni mto: maji yakigeuka tope zito ghafla, au yakipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, kuna kitu kimeziba juu. Amsha watoto, pandeni pembeni kwenye mwinuko, msikimbie kufuata mto kushuka.

Mkazi wa Ntyuka

Asanteni. Sisi wa vilimani niongeze moja: jabali limekaa miaka elfu kwa sababu lina udongo na vijiwe chini yake. Anayechimba mguuni pa jabali kupata nafasi ya choo au kuvunja kokoto anaondoa kinachoshikilia. Mkiona mtu anafanya hivyo juu ya nyumba za watu, mwambieni mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo.

Binti wa Mvumi

Mama yangu yuko kijijini, bado anakaa kwenye tembe na hataki kuhama. Fundi, nifanye nini bila kuivunja?

Fundi wa Nala

Dada, tembe si nyumba mbaya. Paa lake limebebwa na nguzo, ndiyo maana ya mzee wa Kintinku ilisimama. Kinachoua ni uzito na mchwa. Kila mwaka watu wanaongeza udongo juu ili lisivuje, na hawatoi wa zamani. Panda upunguze ubaki tabaka jembamba, ukiweza weka nailoni ngumu chini yake. Halafu chukua kisu, chomeka kila nguzo pale inapoingia ardhini. Kisu kikizama, nguzo hiyo imeliwa, simamisha nyingine kando yake kabla ya kuitoa. Kitanda cha mama kihamishie karibu na mlango, kichwa kiwe mbali na boriti nene. Na pale mlangoni pasiwekwe pipa wala magunia. Jumapili napita Mvumi kwa kazi nyingine, nitumie jina la kitongoji faragha, nitaziangalia nguzo mwenyewe.