Gari la familia halina tairi la spea, ila skrini inazunguka! Krosova za umeme zimechorwa na nani?

Wakuu, mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa "umeme au petroli". Mota ya umeme sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na waliochora hizi krosova (gari ndogo zenye umbo la SUV), maana wamechora kitu cha kupigia picha shoruumu, wakabandika neno "familia" juu yake.

Tuanze na BYD Atto 3 ya Wachina. Skrini ya inchi 12.8 ina mota yake ya kuigeuza, wima au mlalo, upendavyo. Mifuko ya milango ina nyuzi kama za gitaa, ukizigusa zinalia (weka watoto wawili nyuma uone zitadumu wiki ngapi). Haya, fungua buti, inua sakafu. Spea hakuna! Kuna chupa ya gundi na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya volti 12. Hela ya mota ya kugeuza skrini ilipatikana, ya rimu ya tano ikakosekana.

Na hiyo gundi inaziba nini? Tundu la msumari kwenye uso wa tairi, milimita 4, ukibahatika 6. Ubavu haizibi. Mashimo yetu hayatoboi tairi, yanapasua ubavu: rimu inabana mpira kwenye ukingo wa lami, nyuzi za ndani zinakatika, kwisha habari. Atto 3 inavaa 215/55 R18 (upana milimita 215, ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu inchi 18), yaani ubavu wa milimita 118 tu. Volkswagen ID.4 yenye rimu za inchi 21 imebakiwa na kama milimita 105. Tena ID.4 tairi za nyuma ni pana kuliko za mbele, milimita 255 kwa 235. Kwa hiyo huwezi kuzihamisha mbele na nyuma ziishe sawasawa, na ukisema ubebe spea, ubebe ya wapi? Ubavu ukipasuka usiku kati ya Chalinze na Segera ni kusubiri gari la kuvuta, na familia yako pembeni ya barabara.

Tumbo sasa. Atto 3 imetoka kiwandani na milimita 175 kutoka chini, ikiwa tupu. Pakia watu watano na mabegi, spring zinashuka. Umbali kati ya ekseli ni milimita 2,720, na katikati ndipo betri ilipolala. Subaru Forester ina milimita 220 na ekseli zake ziko karibu kidogo zaidi. Ukipiga hesabu, Forester inavuka tuta lenye mgongo wa pembe ya digrii 19 hivi bila tumbo kugusa, Atto 3 inaishia kwenye 15. Na kinachoburuzwa pale chini si bomba la moshi la kuchomelea kwa fundi, ni sanduku la betri. Matuta ya vijijini hayana kipimo, kila mtu anajua.

Swichi ndiyo zinaniudhi zaidi. ID.4 ina madirisha manne, mlango wa dereva una swichi mbili! Ukitaka kushusha ya nyuma unagusa kwanza sehemu iliyoandikwa REAR (nyuma), ndipo swichi zilezile zibadilike kazi. Vidhibiti vya joto na sauti chini ya skrini ni vya kutelezesha kidole, na matoleo ya kwanza havikuwa na taa. Usiku unapapasa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukitazama skrini sekunde tatu kutafuta AC umeenda mita 66 bila macho. Volkswagen wenyewe baadaye wamevitia taa, na Euro NCAP (wapima usalama wa magari wa Ulaya) kuanzia 2026 inawakata alama wasioweka swichi halisi za indiketa, hazadi, honi, waipa na simu ya dharura. Sisi tulionunua kabla je?

Hyundai Ioniq 5 ya 2021 ilitoka bila waipa ya nyuma, ikaja kuwekwa kwenye toleo la 2024. Barabara ya vumbi, kioo cha nyuma kinageuka ukuta.

Mchangiaji 2: Mkuu unalalamika kama vile ni kosa. Spea imetolewa kwa sababu ya betri na uzito. Gari likiwa zito linakula chaji.

Mwanzisha uzi: Betri iko kati ya ekseli, si kwenye buti. Tairi na rimu ni kilo 20 na kitu, gari lina kilo kama 1,750. Abiria mmoja mnene anazidi hapo. Toa sababu nyingine.

Mchangiaji 3 (fundi): Mnaotaka kutafuta spea ya Atto 3, angalieni kipenyo. 215/55 R18 inatoa milimita 694. 215/60 R17 inatoa 690, hiyo tofauti ni ndogo. Ila kabla ya kulipa, ijaribu mbele na nyuma uone kama rimu ya 17 haigusi kalipa (kibanio cha breki), na uhakikishe nafasi za boliti na tundu la katikati vinalingana. Nunua na jeki pamoja na spana, usidhani vimo. Jeki inawekwa kwenye alama za ukingo chini ya milango TU. Mwambie fundi pancha kabla hajainama, kwa sababu amezoea kuingiza jeki katikati, na hapo katikati ni betri. Ukiwa umetumia ile gundi, mwambie aioshe kwa maji kabla ya kubandika kiraka, na aangalie sensa ya upepo wa tairi, huwa inaganda.

Tena mwanzisha uzi amesahau milango. Tesla Model Y vishikio ni vya umeme wa betri ndogo. Hiyo ikifa, betri kubwa hata iwe imejaa haisaidii. Septemba 2025 NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilifungua uchunguzi wa Model Y za 2021, wazazi waliripoti kushindwa kufungua milango watoto wakiwa ndani. Na si kila Model Y ina kifungulio cha mkono milango ya nyuma.

Mchangiaji 4: Ongezeni tundu la chaji. Gari la soko la China lina matundu mawili tofauti ya GB/T (kiwango cha chaji cha China), moja la chaji ya nyumbani, jingine la haraka. CCS2 (kiwango cha Ulaya) ni tundu moja, duara juu na matundu mawili makubwa chini. Adapta ya chaji ya nyumbani ni rahisi. Ya chaji ya haraka siyo waya tu, lazima itafsiri mawasiliano, maana GB/T inaongea kwa CAN (mtandao wa data wa magari) na CCS2 inapitisha data kwenye waya mdogo wa kudhibiti chaji. Muuzaji akikwambia "adapta ipo", mwambie aichomeke chaja ya haraka mbele yako.

Mwanzisha uzi: Fundi, hiyo rimu ya 17 kuna aliyewahi kuivalisha nyuma ikapita? Weka picha ya kalipa.